Misimu mitatu na SARO 5: mbegu nzuri isiyovumilia kuchelewa

Ninalima ekari moja na nusu ya mpunga katika skimu ya umwagiliaji mkoani Morogoro. Kwa misimu mitatu mfululizo ekari moja kati ya hizo nimeipanda SARO 5 iliyothibitishwa, na nusu iliyobaki nimeiachia Supa, mpunga wa asili wenye harufu, ile ile ambayo nyumbani kwetu tumekuwa tukiitenga mbegu kutoka mavuno hadi mavuno. Tathmini hii nimemwandikia mkulima mwenye eneo kama langu, aliyesimama dukani na mfuko mkononi akijiuliza kama kweli alipe bei ambayo, siku nilipoinunua mimi, ilikuwa kwa kilo karibu mara tatu ya bei ya mpunga wa kawaida sokoni. Jibu langu ni kwamba alipe, ila kwa sharti ambalo halikuandikwa kwenye mfuko: awe na hakika ya maji na ya watu wa kupandikiza katika juma lile lile ambalo miche itakuwa tayari. Kama hakika hiyo hana, fedha yake itamfaa zaidi akiilipia vibarua kuliko akiinunulia mbegu.

SARO 5 si mbegu ya jana. Jina lake la kitafiti ni TXD 306, ilitoka mikononi mwa watafiti wa mpunga wa Dakawa, huku huku Morogoro, na ikaruhusiwa rasmi mwaka 2002, na jina la SARO limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mpunga wenye harufu kiasi. Ni fupi kuliko Supa, shina lake ni gumu, na hukomaa mapema zaidi. Kwangu ilichukua siku 124 tangu kusia mbegu kitaluni hadi kuvuna, wakati Supa ya upande wa pili wa tuta ilikuwa bado ya kijani. Wauzaji huitaja kama mbegu ya magunia mengi, na hawasemi uongo. Wanachoacha kusema ni magunia hayo hutoka shamba la namna gani.

Nianze na mfuko wenyewe. Katika msimu wa kwanza nilinunua kilo 8, kiasi kinachotosha ekari moja ya kupandikiza, na mfuko ulikuwa na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, yenye namba ya kukwangua ambayo mnunuzi huihakiki kwa simu yake. Namba ilikubali. Hata hivyo sikuridhika na karatasi, nikafanya jaribio ambalo maafisa ugani hulifundisha na wengi wetu hulisikiliza bila kulifanya: nilitia chumvi katika ndoo ya maji na kukoroga hadi yai bichi likaelea, kisha nikamimina mbegu humo. Mbegu nzito zilizama chini, zile tupu na zilizojaa nusu zikaelea. Kutoka kilo 8 niliondoa takriban vikombe viwili tu vya mbegu zilizoelea. Zile zilizozama nilizisuuza mara tatu kwa maji safi ili chumvi isibaki, nikaziloweka siku moja na kuzivundika ndani ya gunia lenye unyevu kwa siku mbili, zikatoa ncha nyeupe karibu zote. Nilifanya vivyo hivyo kwa mbegu yangu ya Supa, na zilizoelea zilikuwa karibu robo ya ndoo. Nikaelewa kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikipeleka kitaluni makapi na kuyaita mbegu.

Ununuzi wa msimu wa pili haukwenda hivyo. Nilichelewa, duka nililolizoea lilikuwa limeishiwa, na duka jingine lilinipa mbegu zilizokwishafunguliwa na kupimwa upya katika mfuko wa nailoni, kwa maelezo kwamba ni zile zile. Hazikuwa zile zile. Mpunga ulipochanua, kila baada ya hatua chache ulijitokeza mche mrefu uliowapita wenzake kwa kimo cha kiganja na zaidi, na baada ya kukoboa tulikuta punje nyekundu ndani ya mchele. Nilirudi kulalamika nikaulizwa risiti, na risiti sikuwa nayo. Kosa la kutodai risiti ni langu na nalikubali, lakini ninalisema hapa kwa sababu mnunuzi akiisifu au akiilaumu SARO 5 anapaswa kwanza kuwa na hakika kwamba ndiyo aliyoipanda. Vikundi vya wakulima vinavyozalisha mbegu ya kuazimiwa ubora, yaani mbegu ya wakulima wenyewe iliyo chini ya ukaguzi, vipo, bei yao ni nafuu, na kwa maoni yangu ni afadhali mara kumi kununua kwao huku umeliona shamba lililozaa mbegu hiyo kuliko kununua mfuko uliofunguliwa.

Sasa niueleze msimu wa kwanza, kwa kuwa ndio ulionifundisha zaidi. Mbegu ilikuwa safi, kitalu kilikuwa kizuri, na bado nilivuna magunia 14 ya kilo mia kutoka ekari moja, wakati kwa miaka ya nyuma Supa ilinipa 13. Gunia moja la ziada halikulipa hata tofauti ya bei ya mbegu. Nilikuwa tayari kuandika kwamba SARO 5 ni maneno matupu. Kilichotokea ni kwamba zamu ya maji ya mfereji wetu ilisogezwa mbele mara mbili kwa sababu lango la juu lilikuwa limejaa mchanga, na maji yalipofika, pawatila, trekta dogo la mkono la kuchabanga yaani kuvuruga tope, ilikuwa imekwishachukuliwa na wengine. Miche yangu, ambayo ilipaswa kung'olewa ikiwa na siku kama 21, ilingojea kitaluni hadi siku ya 36.

Ukiukata mche wa umri huo kwa wembe karibu na mzizi utaona umekwishaanza kutoa machipukizi yake, nao umeyatoa katika msongamano wa kitalu, mahali ambapo hayana nafasi wala chakula. Unapong'olewa hukatika mizizi, hukaa siku kumi ukiwa wa njano, na unapopata nguvu tena siku za kuzaa machipukizi zinakaribia kwisha. Kwa Supa, ambayo hukaa shambani muda mrefu, hasara hiyo hufidika kwa kiasi fulani. SARO 5 haina siku za kufidia, kwa kuwa saa yake inahesabu tangu ulipoisia kitaluni, si tangu ulipoipandikiza. Nilihesabu masuke katika mashimo ishirini niliyoyachagua bila kubagua, na mengi yalikuwa na masuke sita au saba. Msimu uliofuata, kwa miche ya siku 15, hesabu ile ile ilinipa kati ya masuke 16 na 22.

Hapa ndipo inapofaa kutaja kilimo shadidi, mbinu iliyoanzia Madagaska miaka ya 1980 kwa juhudi za padre Henri de Laulanié, ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine waliijaribu pamoja na wakulima wa skimu ya Mkindo. Shadidi inataka mche wa siku 8 hadi 12, mche mmoja kwa kila shimo, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na shamba kuloweshwa kisha kuachwa likauke kabla ya kuloweshwa tena. Sikuifuata yote. Vibarua wa kwetu wamezoea kushika miche mitatu au minne kwa pamoja, na mche wa siku 10 ulio kama unywele huwachosha uvumilivu. Tuliafikiana miche miwili ya siku 15, sentimita 20 kwa 20 kwa kamba yenye vifundo. Kwa nafasi hiyo ekari moja hubeba mashimo yanayozidi kidogo laki moja, na mtu akitaka kujua kwa nini upandikizaji kwa mstari hugharimu zaidi ya upandikizaji wa kutawanya, aifikirie hesabu hiyo huku ameinama katika tope. Malipo ya vibarua yaliongezeka kwa karibu theluthi moja. Ninaona yalikuwa halali yao.

Maji ndiyo yanayoamua karibu kila kitu, na hapa sizungumzii wingi wake pekee. Ploti yangu ina kona moja ya juu, pengine palikuwa na kichuguu zamani, ambayo haikuwahi kufunikwa na maji sawasawa. Msimu wa kwanza kona hiyo ilikuwa shamba la ndago, na mpunga uliokuwapo ulionekana kama wa mtu mwingine. Mzee anayelima ploti ya jirani alisimama juu ya tuta akaitazama, akaniambia, "Mwalimu, hapa umemwaga mbegu ya bei juu ya mlima." Kabla ya msimu wa pili nilikodi vijana wawili kwa siku tatu, wakaishusha kona kwa majembe na kuusambaza udongo upande wa chini, kisha tukasawazisha kwa ubao uliovutwa juu ya tope lenye maji. Katika gharama zote nilizowahi kuingia kwa ajili ya mpunga, hakuna iliyorudi haraka kama hiyo. Maji ya kina cha vidole viwili yalitosha kufunika ploti nzima, magugu yalipungua kwa kiasi ambacho sikukitarajia, na mbolea haikukimbilia tena sehemu moja.

Mkulima mmoja mmoja anaweza kusawazisha ploti yake, lakini hawezi kuulazimisha mto. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini (Lower Moshi) mkoani Kilimanjaro, uliokamilishwa mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ulikuwa na ploti zilizonyooka, mifereji ya zege na mbegu ya IR54, na mavuno yake yalikuwa ya kuonewa wivu. Wivu huo ndio ulioleta shida: wakulima walioko juu ya mabanio, yale yanayogeuza maji ya mto kuingia mferejini, waliona faida ya mpunga, wakafungua majaruba yao wenyewe kwa maji ya mito ile ile, na sehemu ya mashamba ya mradi ikaanza kukosa maji. Kwetu shida ni ndogo zaidi lakini ni ya ukoo huo huo. Wenye ploti za karibu na lango hufungua usiku, na wa mwisho wa mfereji hupata matone. Mimi niko katikati, kwa hiyo tathmini yangu ni ya mtu wa katikati. Aliye mwisho wa mfereji aipunguzie maneno yangu, na asione haya kubaki na mbegu inayostahimili zaidi kuyumba kwa maji.

Kuhusu mbolea sina mengi. SARO 5 huipokea vizuri na hailali kirahisi, tofauti na Supa ambayo ukiizidishia urea hurefuka, ikapigwa na upepo mmoja wa Mei na kulala chini kama mkeka. Nilitumia mfuko mmoja wa DAP wakati wa kupandikiza na mfuko mmoja wa urea, ambao katika kilo zake 50 una kilo 23 za naitrojeni, nikiugawa mara mbili: nusu wiki mbili baada ya kupandikiza, nusu kabla mpunga haujabeba mimba. Jambo ambalo nililikosea mwanzoni, na ambalo ninaona wengi wakilikosea, ni kuimwaga urea wakati maji yanaingia huku na kutokea kule. Kwa njia hiyo unamlishia jirani wa chini. Ziba kwanza, punguza maji, mwaga, na usifungue kwa siku mbili tatu.

Palizi ilikuwa rahisi kwa sababu ya mstari. Kipalizi cha kusukuma kwa mkono hupita kati ya mistari kikizika magugu machanga ndani ya tope, na kijana mmoja alimaliza ekari kwa siku tatu, kazi iliyokuwa ikichukua wanawake sita siku mbili wakiwa wameinama. Lakini nacho kinataka maji ya kiasi. Ukikisukuma palipokauka hukwama, na kijana hukitupa akarudia jembe dogo.

Sasa niiseme kasoro ambayo sikuwahi kuisikia dukani. Mpunga unaokomaa mapema katikati ya mashamba yanayokomaa baadaye ni karamu ya ndege. Msimu wa pili nilikuwa karibu peke yangu katika mfereji wetu niliyepanda SARO 5, na masuke yalipoanza kuwa na maziwa kwelea kwelea wote wa eneo lile walinijua mimi. Tuliamia ndege kuanzia saa kumi na mbili alfajiri hadi jua kuzama kwa siku zipatazo ishirini na tano, tukipokezana mimi, mke wangu na mtoto wa dada yangu, kwa kombeo, madebe na kanda za kaseti zilizovutwa kutoka mti hadi mti. Kanda zilifanya kazi siku nne, kisha ndege wakazizoea na kutua juu yake. Msimu wa tatu majirani wengi walikuwa wamefuata mbegu hiyo, mashamba yakaiva pamoja, na hasara ya ndege ikagawanyika. Ushauri wangu kwa anayetaka kuijaribu ni kwamba azungumze na wenye ploti zinazompakana waingie pamoja, la sivyo aandae bajeti ya waamiaji kabla ya bajeti ya mbolea.

Pia mbegu hii si dawa ya magonjwa. Msimu wa tatu kimyanga, ugonjwa wa virusi vya mpunga, kiliingia upande mmoja wa ploti, majani yakawa ya njano yenye mistari na miche ikadumaa. Virusi hivi hubebwa na wadudu aina ya mbawakavu, na pia husafiri kwa mikono, zana na ng'ombe wanaoachwa kulisha mabua. Niling'oa miche iliyoathirika na kuichoma, lakini sehemu ile haikurudi kama mwanzo, na ninaamini ilinipokonya magunia mawili au matatu.

Mavuno ya msimu wa pili, licha ya mbegu iliyochanganywa na karamu ya ndege, yalikuwa magunia 24 kwa ekari, na ya msimu wa tatu 21. Hapo pana jambo la kuangalia. Katika magunia 24 yale nilipoteza thamani kwa kuchelewa kuvuna. Kombaini iliyokuwa ikihudumia skimu yetu iliharibika, foleni ikawa ndefu, nami nikaamua kuingoja badala ya kuita watu wa mundu. Mpunga ulisimama siku 12 baada ya kuwa tayari, ukipigwa na jua la mchana na kuloweshwa na umande wa usiku, hali inayoipasua punje ndani kwa ndani bila ganda kuonyesha chochote. Kinuni ndipo siri ilipofichuka: chenga zilikuwa nyingi kiasi kwamba fundi wa mashine alisimamisha kazi akakagua kama roli zake zimebana kupita kiasi. Hazikuwa zimebana. Msimu wa tatu nilivuna kwa mundu masuke yalipokuwa yamegeuka rangi ya nyasi kavu kwa sehemu nne kati ya tano, nikaanika juu ya turubai kwa siku tatu nikigeuza kila baada ya muda mfupi, na mchele ukatoka mzima, mrefu, unaong'aa.

Sokoni SARO 5 haina heshima ya Supa, na anayekuambia vinginevyo hajawahi kuupima mchele mbele ya dalali. Dalali wetu huchota kiganja kimoja, akakipumulia pumzi ya moto, akanusa, na kabla hujasema neno huwa amekwishajua. Kwa kila kilo alinipunguzia bei kuliko Supa, mara nyingi kwa sehemu moja kati ya kumi. Niliona uchungu, lakini nilipokaa na daftari hesabu ilikuwa wazi: magunia 21 kwa bei iliyopungua yalinipa fedha nyingi zaidi kuliko magunia 13 kwa bei kamili, hata baada ya kutoa mbegu, vibarua wa mstari na mbolea. Katika msimu wa kwanza, wa magunia 14, hesabu iyo hiyo ilinionyesha hasara. Mbegu haikubadilika kati ya hesabu hizo mbili.

Mezani, wali wake ukiwa wa moto ni mzuri, hauungani, na ukitiwa nazi mgeni hatauliza. Kiporo chake cha asubuhi ndicho hukauka na kuwa kigumu, na mama mkwe wangu, ambaye hunywa chai kwa kiporo tangu nimfahamu, aliisukuma sahani mara ya kwanza akauliza tumeuza wapi mchele wa nyumbani. Kwa ajili yake na kwa ajili ya harusi ile nusu ekari ya Supa itaendelea kuwepo.

Kwa msimu unaokuja nimekwishanunua kilo 8, mfuko haujafunguliwa, lebo imekubali, na risiti nimeibana katika daftari. Umening'inizwa kwenye kenchi ili panya wasiufikie. Ratiba ya zamu za maji bado haijabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya skimu, kwa hiyo sijaloweka hata punje moja.